Kortini Bila Pesa za Wakili: Mwongozo kwa Mkazi wa Tawa

Tawa ina mahakama yake ya hakimu. Mkazi wa Mbooni mwenye shida ya deni, mirathi au matunzo ya mtoto hana haja ya kufika Machakos ndipo asikizwe. Hata hivyo, wengi hupita nje ya lango la mahakama hiyo mwaka baada ya mwaka wakiwa na madai ya haki, kwa kuamini kwamba asiye na pesa za wakili hana kesi.

Imani hiyo ina gharama. Mtu asiye na uwezo hupoteza haki yake kwa njia tatu za kawaida: anabisha mlango usiohusika, anafika muda umekwisha, au anakwenda bila karatasi. Wakili ghali mara nyingi hawezi kuponya kosa la pili, na la tatu huliponya kwa shida. Makosa yote matatu unaweza kuyaepuka mwenyewe ukijua pa kuanzia.

Mwongozo huu unakuonyesha milango inayohusika, huduma zipi ni za bure na namna ya kujisimamia kesini. Kesi ikiwa nzito, kama ya mauaji, unajisi au shamba lenye hati mbili zinazopingana, tumia mwongozo huu kumfikia wakili, wala usijaribu kuisukuma peke yako.

1. Kwa nini sheria inakudai msaada

Msaada wa kisheria si sadaka. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kila mtu anafikia haki, na ada ikitozwa isiwe kizuizi. Kifungu cha 22 kinakataza ada ya kufungua kesi ya kutetea haki zilizo katika Sura ya Haki za Binadamu. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa wa jinai wakili wa kulipwa na Serikali pale ambapo bila wakili angedhulumika pakubwa, na mkalimani asiyelipiwa ikiwa haelewi lugha ya mahakama. Ukielewa Kikamba peke yake, sema hivyo siku ya kwanza. Mkalimani ni haki yako.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, NLAS kwa kifupi. Sheria hiyo inamwajibisha hata hakimu: mshtakiwa akiletwa mbele yake bila wakili, hakimu anapaswa kumweleza haki ya kuwakilishwa. Asipokueleza, uliza.

KISANDUKU: MAMBO USIYOPASWA KULIPIA
- Kuandikisha ripoti polisi na kupewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.
- Fomu ya P3 yenyewe, ya kurekodi majeraha.
- Bondi ya polisi. Dhamana ya pesa taslimu ni jambo jingine: hulipwa kwa risiti na hurudishwa kesi ikiisha, ukihudhuria kila mara.
- Barua ya chifu.
- Mwendesha mashtaka wa Serikali, ikiwa wewe ndiwe uliyetendewa uhalifu.
- Kusuluhishwa na ofisa wa watoto au ofisa wa kazi.
- Mkalimani wa mahakama katika kesi ya jinai.

Ukiombwa pesa kwa lolote kati ya haya, omba risiti rasmi. Mara nyingi ombi la risiti pekee hulimaliza jambo. Likiendelea, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea simu bila malipo kwa nambari 1551.

2. Chagua mlango wa kwanza

Kabla ya kuuliza "wakili yuko wapi?", uliza "shida yangu inaanzia ofisi gani?" Mara nyingi sheria yenyewe inakutaka upite kwingine kabla ya mahakama, na ukiruka hatua hiyo kesi hutupwa nje.

- Mpaka wa shamba lenye hati miliki: Msajili wa Ardhi, Wote. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaizuia mahakama kusikiza ugomvi wa mpaka kabla msajili hajauamua. Kuna ada, lakini kuikwepa kwa kukimbilia kortini ni kulipa mara mbili.
- Mzazi mwenzako hatoi matunzo: ofisa wa watoto wa kaunti ndogo.
- Mshahara usiolipwa au kufutwa kazi: ofisa wa kazi wa kaunti.
- Kupigwa, kubakwa, kuibiwa: kituo cha polisi. Aliyeumizwa aende hospitalini kwanza.
- Polisi ndiye aliyekudhulumu: Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA, nambari 1559.
- Deni au mali uliyouza hukulipwa: barua ya madai kwa mdaiwa, kisha mahakama.
- Mirathi: chifu kwa barua, kisha mahakama.

Chifu na wazee wana nafasi yao, lakini ina mipaka. Chifu anaweza kuziita pande mbili na kuzisuluhisha. Hawezi kukufunga, kukutoza faini wala kuamua shamba ni la nani. Wazee wa ukoo nao wanatambuliwa na Kifungu cha 159 cha Katiba, mradi uamuzi wao usivunje haki za binadamu. Mkielewana mbele yao, andikeni makubaliano, mtie sahihi nyote mbele ya mashahidi, na kila upande ubaki na nakala. Mtu akikana baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea kortini.

ONYO: Unajisi na ubakaji havimalizwi kwa mbuzi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, si familia wala wazee wenye mamlaka ya kuiondoa kesi ya namna hiyo. Anayepokea fidia ili mtoto anyamaze anajiingiza hatiani yeye mwenyewe. Mfikishe aliyetendewa hospitalini ndani ya saa 72, bila kuoga wala kufua nguo alizovaa, ili apate dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi na ushahidi uhifadhiwe. Nambari za bure ni 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 116 kwa watoto.

3. Nani hutoa wakili au ushauri wa bure

*NLAS.* Hii ndiyo njia ya Serikali. Wanaostahili ni raia asiyemudu wakili, mtoto, mkimbizi, aliyesafirishwa kiharamu, mkimbizi wa ndani na asiye na uraia. Jua pia isichogusa: kampuni na mashirika, kodi, ukusanyaji wa madeni, kufilisika na kesi za kuchafuliwa jina. Kwa hiyo mtu anayedai deni asipoteze wiki akisubiri NLAS. Njia yake iko katika sehemu ya 5.

*FIDA Kenya.* Chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1985. Huwasaidia wanawake katika matunzo, ndoa, mirathi na dhuluma za nyumbani, na huwafunza wengine kujiwakilisha wenyewe mahakamani. Ofisi zake ziko Nairobi, Mombasa na Kisumu, basi piga simu kabla ya kulipa nauli.

*Kituo cha Sheria.* Kimekuwapo tangu 1973. Nguvu yake iko katika ardhi, makazi na haki za wafanyakazi.

*Chama cha Mawakili, LSK.* Kila mwaka huwa na wiki ya kuelimisha umma, na mawakili hutoa ushauri wa bure katika vituo vya mahakama. Uliza kwenye dawati la huduma pale Tawa au Wote wiki hiyo itakuwa lini. Dakika ishirini na wakili, faili ikiwa imepangwa, hutosha kukuonyesha njia.

*Wasaidizi wa sheria wa mashinani.* Sheria ya 2016 inawatambua wale walioidhinishwa na kusimamiwa na wakili au shirika. Wanaweza kukueleza sheria na kukusaidia kupanga karatasi. Hawawezi kusimama kama wakili wako.

*Wakili wa Serikali katika kesi ya mauaji.* Mshtakiwa wa mauaji husikizwa na Mahakama Kuu na hupewa wakili anayelipwa na Serikali. Familia haina haja ya kuuza shamba ili apate mtetezi.

4. Jinsi ya kuomba

*Kwa NLAS:*

1. Andika kisa chako kwa ukurasa mmoja: nani, lini, wapi, unataka nini.
2. Kusanya kitambulisho, barua ya chifu inayoeleza hali yako ya kipato, na karatasi zote za kesi.
3. Jaza fomu ya maombi. Uliza kwenye masijala ya mahakama au ofisi ya NLAS. Aliye rumande anaweza kupitia kwa maofisa wa gereza.
4. Omba mapema. Maombi hupelekwa kabla kesi haijaamuliwa.
5. Sema ukweli kuhusu mali yako. Ukipatikana ulidanganya, msaada huondolewa.
6. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi.
7. Kesi ikiitwa kabla hujajibiwa, nenda. Mwambie hakimu umeomba msaada, umwonyeshe nakala ya maombi na uombe tarehe nyingine.

*Kusamehewa ada ya mahakama:*

Wengi hawajui kwamba mtu asiye na uwezo anaweza kufungua kesi ya madai bila kulipa ada. Njia hiyo iko katika Amri ya 33 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010.

1. Andika ombi lenye maelezo yote ya madai yako.
2. Ambatisha orodha ya mali uliyo nayo, inayohamishika na isiyohamishika, na thamani yake kwa makadirio.
3. Ulipeleke mwenyewe. Kanuni inataka mwombaji ajitokeze binafsi, isipokuwa mahakama imemruhusu asifike.
4. Uwe tayari kuulizwa maswali juu ya kipato chako na uzito wa madai.
5. Ukikubaliwa, hutalipa ada ya mahakama katika kesi hiyo.

Kosa la kawaida hapa ni kuficha ng'ombe wawili au kipande cha shamba. Kuwa na shamba la kulima hakukunyimi nafasi moja kwa moja. Kuficha ndiko kunakokunyima.

5. Deni na mali: njia ya kujisimamia

Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja: bidhaa zilizouzwa, huduma, mikataba, fidia ya kuumia na hasara ya mali. Hukumu inatakiwa kutoka ndani ya siku 60, huhitaji wakili, na kanuni kali za ushahidi hazitumiki. Masijala ya Tawa itakuambia iliyo karibu nawe. Ikiwa ni mbali, mahakama ya hakimu ya kawaida bado iko wazi.

Hatua kwa hatua:

1. Hesabu dai lako. Andika kiasi, tarehe na namna kilivyofikiwa.
2. Kusanya ushahidi. Mkataba, risiti, taarifa ya M-Pesa, jumbe za simu. Usifute ujumbe wowote. Piga picha ya skrini ikionyesha nambari na tarehe.
3. Peleka barua ya madai. Mfano uko hapa chini.
4. Muda ukipita, fungua kesi. Mahakama hupokea hati kwa mtandao. Kama huna simu ya kisasa, omba msaada kwenye dawati la mahakama, au nenda saiba ukiwa na nambari yako ya simu. Nywila iandike wewe na uitunze wewe.
5. Lipa ada kwa njia rasmi pekee, uhifadhi risiti. Hakuna karani anayepokea ada mkononi.
6. Hakikisha mdaiwa amepewa hati na una uthibitisho. Kesi nyingi husimama hapa, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mdaiwa anajua ameshtakiwa.
7. Hudhuria. Hata mtandao ukikatika au mvua ikinyesha, kukosekana kwako ni sababu ya kesi kufutwa.
8. Ukishinda, omba nakala ya hukumu na amri. Hukumu peke yake haileti pesa. Mdaiwa asipolipa, rudi kuomba utekelezaji.

KISANDUKU: MFANO WA BARUA YA MADAI

Tarehe: ______
Kwa: (jina kamili na makao ya mdaiwa)

KUH: DENI LA SHILINGI ______

Mnamo tarehe ______ nilikuuzia (magunia mangapi, ya nini) kwa bei ya shilingi ______. Ulilipa shilingi ______ tarehe ______. Umebaki na deni la shilingi ______.

Nakuomba ulipe kiasi hicho ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Usipolipa, nitafungua kesi mahakamani bila kukuarifu tena, nidai deni pamoja na gharama.

(Sahihi, jina, nambari ya kitambulisho, simu)

Baki na nakala. Mkabidhi mbele ya shahidi, au tuma pia kwa ujumbe wa simu. Usimtishe wala usimtukane, maana barua hiyo itasomwa na hakimu.

Mahakama ikiwapeleka katika upatanishi wake, msikatae kwa haraka. Wenye kesi hawamlipi mpatanishi, na makubaliano yakishaidhinishwa hutekelezwa kama amri ya mahakama.

6. Mirathi: kesi inayohitaji subira

Mashamba mengi ya Mbooni bado yana majina ya marehemu. Familia huyagawa kwa mdomo, na vurugu huanza siku mmoja anapotaka kuuza. Sheria ya Urithi, Kifungu cha 45, inakataza yeyote kuishika mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shemeji anayemfukuza mjane na kung'oa mahindi yake anaingia humo, na anayenunua kipande kutoka kwa mwana mmoja ananunua kesi.

1. Pata cheti cha kifo.
2. Pata barua ya chifu yenye majina ya warithi wote: wajane wote, wana wote, na mabinti wote, walioolewa na wasioolewa.
3. Fanya upekuzi rasmi wa shamba kwenye masijala ya ardhi, Wote.
4. Jaza fomu: P&A 80 ya maombi, P&A 5 ya kiapo, P&A 38 ya ridhaa ya warithi wengine na P&A 57 ya wadhamini. Waulize makarani kama kuna nyingine kwa hali yako.
5. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye pingamizi ana siku 30.
6. Mahakama hutoa barua za usimamizi. Hapo bado hujaruhusiwa kugawa wala kuuza ardhi.
7. Baada ya miezi 6, omba uthibitisho ukionyesha nani anapata nini.
8. Peleka cheti cha uthibitisho kwa msajili wa ardhi ili hati zibadilishwe.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kumwacha binti kwa hoja kwamba "ameolewa". Aliyeachwa anaweza kuja hata miaka kadhaa baadaye kuiomba mahakama ifute kila kitu, na safari ianze upya. Kumwandika leo hakugharimu chochote. Asipotaka sehemu yake, atasema mwenyewe mbele ya mahakama.

Na kama mwenye haki ya kufungua mirathi ni kaka mkubwa naye amekataa kwa makusudi? Mahakama inaweza kumwita aeleze: aifungue, au akupishe wewe uifungue. Uliza masijala namna ya kuomba wito huo.

7. Matunzo ya mtoto

Sheria ya Watoto ya 2022 inawapa wazazi wote wawili wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Huhitaji kuthibitisha ndoa. Unahitaji kuthibitisha kwamba yeye ni mzazi.

1. Nenda kwa ofisa wa watoto na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na orodha ya mahitaji ya mwezi: chakula, karo, matibabu, mavazi.
2. Ofisa atamwita mzazi mwenzako.
3. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe yakiwa na kiasi, tarehe ya mwezi na njia ya kulipa. Malipo ya M-Pesa hubaki na kumbukumbu.
4. Asipofika, au akivunja makubaliano, ofisa atakuelekeza katika mahakama ya watoto.

Usiombe kiasi kilichotoka hewani. Hakimu atauliza kila shilingi inakwenda wapi, na ataangalia pia kipato cha huyo mwingine. Vilevile, usimzuie mtoto kumwona mzazi asiyelipa. Matunzo na kuonana ni mambo mawili mbalimbali, na kumnyima huharibu kesi yako.

8. Ukikamatwa

1. Uliza unakamatwa kwa kosa gani. Ni haki yako kuambiwa, kwa lugha unayoielewa.
2. Taja jina lako, kisha una haki ya kunyamaza. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.
3. Omba kuwasiliana na ndugu na wakili.
4. Hesabu saa. Unapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Zikiishia usiku au wikendi, ni siku ya kwanza ya mahakama inayofuata.
5. Omba dhamana. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba inakataza uwekwe rumande.
6. Omba taarifa za mashahidi na muda wa kuzisoma kabla kesi haijaanza kusikizwa.

ONYO: Usikiri kosa "ili yaishe". Ukikiri, rufaa yako haitagusa tena kama ulitenda au hukutenda. Itahusu adhabu tu. Usipoelewa mashtaka, sema: "Mheshimiwa, sijaelewa. Naomba nielezwe tena kwa Kikamba."

9. Saa inayohesabu dhidi yako

KISANDUKU: MUDA WA KUCHUKUA HATUA
- Rufaa ya jinai kutoka kwa hakimu: siku 14.
- Rufaa ya madai kutoka kwa hakimu: siku 30.
- Lalamiko la kufutwa kazi kwa ofisa wa kazi: miezi 3.
- Kuishtaki Serikali kwa madhara, kama gari lake kukugonga: miezi 12.
- Fidia ya kuumia kazini: miezi 12.
- Kesi ya ajira mahakamani: miaka 3.
- Madhara kama ajali ya barabarani: miaka 3.
- Mkataba au deni: miaka 6.
- Kudai ardhi: miaka 12.

Rufaa nyingi za kutoka Tawa huenda Mahakama Kuu ya Makueni, Wote. Aliyefungwa hukata rufaa kupitia gerezani, bila kungoja ndugu aje. Mazungumzo na mdaiwa au vikao vya wazee havisimamishi hesabu hii. Endelea kuzungumza ukitaka, lakini andika tarehe ya mwisho ukutani.

10. Siku ya kesi

- Fika kabla ya saa tatu asubuhi, utazame nambari ya kesi kwenye orodha.
- Zima simu.
- Mwite hakimu "Mheshimiwa". Simama unapozungumza naye.
- Simulia ulichokiona na kukifanya wewe. Uliyoambiwa na jirani, aje jirani ayaseme.
- Unapomhoji shahidi wa upande wa pili, uliza maswali mafupi. Usibishane naye.
- Kuwa na nakala tatu za kila karatasi: ya mahakama, ya mwenzako, yako.
- Andika tarehe inayofuata kabla hujatoka.

Ukitaka kuisoma sheria mwenyewe, tovuti ya Kenya Law ina sheria zote za nchi na maelfu ya hukumu, bila malipo. Tafuta hukumu inayofanana na kisa chako, uone hakimu alitaka ushahidi gani.

11. Makosa yanayogharimu wengi

1. Kumlipa broka wa nje ya korti. Anayesema "namjua hakimu" anakuuzia maneno. Sheria inamkataza asiye wakili kuandaa hati za kesi kwa malipo. Wakili wa kweli yuko kwenye orodha ya LSK. Itazame kabla ya kulipa.
2. Kutoa karatasi asilia. Toa nakala. Asilia iache nyumbani hadi mahakama iitake.
3. Kumwomba karani ushauri wa kesi. Karani anaweza kukueleza utaratibu, fomu na ada. Hawezi kukuambia useme nini.
4. Kuweka kesi mbili za jambo moja katika mahakama mbili. Zote huharibika.
5. Kununua shamba bila upekuzi na bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kwa shamba la kilimo.
6. Kunyamaza unapodhulumiwa na ofisa wa mahakama. Idara ya Mahakama ina ofisi yake ya malalamiko. Andika, ukitaja nambari ya kesi na tarehe.

12. Orodha ya kukagua kabla ya kutoka nyumbani

☐ Ninajua shida yangu inaanzia ofisi gani.
☐ Ninajua siku ya mwisho ya kuchukua hatua.
☐ Nina kitambulisho na nakala zake.
☐ Kisa changu kiko kwenye ukurasa mmoja, kwa mpangilio wa tarehe.
☐ Nina barua, risiti, jumbe na nambari ya OB ikiwa ipo.
☐ Nina majina na simu za mashahidi.
☐ Ninajua kilicho bure na kinacholipiwa.
☐ Nimeandika hasa ninachoiomba mahakama.

Ukiweza kutia alama katika visanduku vyote vinane, uko tayari kuliko wengi wanaofika na wakili. Ukikosa kimoja, kianzie leo, na cha kuanza nacho ni kile cha tarehe: fungua karatasi zako, hesabu siku zilizobaki, uziandike. Kisha nenda Tawa, simama kwenye dawati la mahakama, na uulize. Kuuliza ni bure.